Tulivyojenga jengo la Kijitonyama kwa vitabu wazi, na pale hela ilipotaka kututoa roho

Mi ni mkadiriaji majenzi, wengi mnatuita QS, na miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa upande wa mwenye jengo nikimlindia hela yake isiliwe. Tangu tumalize lile jengo la Kijitonyama hapa Dar, maduka chini ofisi juu, simu haziishi, mara msanifu fulani, mara mtu ana kiwanja Mbezi, wote swali moja, eti ile staili ya kukaa meza moja na kontrakta wakati michoro haijaisha mliifanyaje, na je ni nafuu? Sasa badala ya kurudia kila siku nimeona niandike. Hela halisi za jengo sitazitaja maana wenye mali hawataki mambo yao yawe mtaani, nitatumia mifano ya hesabu tu.

Njia ya kawaida wote tunaijua. Msanifu anachora, injinia anapiga hesabu, mi naandaa BOQ, yaani orodha ya kazi zote na vipimo vyake vya kuwekewa bei, tenda inatangazwa, mwenye bei ndogo anachukua kazi. Na mchezo wake pia tunaujua, yule wa bei ndogo mara nyingi ameshaona mapengo kwenye michoro, anajua dakti za AC, yale makasha ya kupitisha hewa, hazina pa kupita, anajua choo cha ghorofa ya pili bomba lake linatua katikati ya duka la mtu, ananyamaza, anasaini, halafu hela yake anaipatia kwenye varieshen, yaani malipo ya ziada kila kitu kikibadilika. Kila mtu anaandika barua za kujilinda. Wenye jengo hawa ni wabia watatu wafanyabiashara wa Kariakoo, na jengo lao la kwanza lilipita hukohuko likaishia kwa msuluhishi lifti zikiwa bado kwenye maboksi. Kwa hiyo waliponiita mwaka 2022 walisema jambo moja tu, hawataki tena kesi.

Njia za kushirikiana ziko kadhaa na watu wanazichanganya sana. Kuna ya kontrakta mmoja kuchora na kujenga, ndo ile ambayo kitabu cha njano cha FIDIC, ile mikataba ya ujenzi ya kimataifa, kilitengenezewa, toleo la 1999 halafu la 2017. Nzuri kama unajua kabisa unachotaka, kiwanda au godauni, ila ukumbuke mchoraji anakuwa anamfanyia kazi mjengaji, na kama huna jicho lako pembeni utapunguziwa vitu usijue. Kuna ile ya Marekani ambapo mwenye jengo, msanifu na kontrakta wanasaini mkataba mmoja wote watatu na faida zao zinawekwa kapu moja, hospitali za Sutter Health kule California zimejenga sana hivyo. Mwanasheria wetu alivyoisoma akauliza tu, benki itakayowakopesha italielewa hili? Hatukuendelea nayo.

Tulichochukua ni mchanganyiko. Kontrakta aingie mapema wakati wa michoro, halafu tukubaliane bei ya lengo, sisi tukawa tunaiita tageti, ajenge kwa vitabu wazi, yaani hesabu zake zote za mradi tunaziona, kikibaki tunagawana, ikizidi tunaumia wote. Wazo hilo limetoka kwenye mikataba ya NEC ya Uingereza, ilianza 1993, ina chaguo linaitwa C ambalo liko hivyohivyo, na kifungu chake cha kwanza kabisa kinawataka watu wafanye kazi kwa moyo wa kuaminiana na kushirikiana. Nilipowasomea wazee, yaani wale wabia, mmoja akasema "sasa kuaminiana unakuandikaje kwenye mkataba, si ndo maana unaandika mkataba?" Tukacheka ila alikuwa na pointi, na ndo ikawa kazi yetu miezi yote, kugeuza kuaminiana kuwe kitu kinachohesabika.

Kuna watu walinitajia Terminal 5 ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, iliyofunguliwa 2008, kwamba kule mwenye mradi, BAA, alibeba riski yote mwenyewe akawalipa makontrakta gharama halisi na faida yao juu. Sawa, ila ile ni kampuni yenye mfuko wa kubeba. Wazee watatu wa Kariakoo wenye mkopo benki wakibeba riski yote wanauza nyumba zao. Usichukue mfumo wa tajiri ukauvalisha mtu mwenye mkopo.

Mkataba wenyewe hatukuununua mzima kutoka nje, tulitumia fomu ya NCC, Baraza la Taifa la Ujenzi, ambayo mahakimu, wasuluhishi na makontrakta wa hapa wameizoea, mwanasheria akaandika kiambatisho cha tageti na vitabu wazi. Ukifanya hivi hakikisha imeandikwa wazi kwamba kiambatisho kikigongana na fomu kipi kinashinda, na ukipitie kifungu kwa kifungu, maana fomu ya kawaida imejengwa kwa bei za BOQ na itakuvuta kurudi huko kila siku.

Kumpata kontrakta ndo kulikuwa kituko cha kwanza. Unamchagua kabla hujajua bei ya jengo. Mama mmoja kati ya wabia, yule wa vitenge, alinitazama akaniambia "Mwanangu, mi nauza Kariakoo tangu enzi za Mwinyi, sijawahi kumchagua muuzaji kabla hajanitajia bei." Ilibidi nimweleze kwamba bei zipo ila ni za aina nyingine. Tuliwauliza asilimia ya fii yao, yaani faida na gharama za ofisi kuu, mishahara ya watu watakaokaa saiti, na hela ya kutushauri wakati wa michoro. Tukaangalia daraja lao CRB, bodi ya kusajili makontrakta, kama linaruhusu jengo la ukubwa ule, tukaenda kuona majengo waliyomaliza, na tukaongea na sabukontrakta waliowahi kufanya nao, hapo ndo utajua ukweli, sabu atakwambia kama jamaa analipa au anazungusha watu. Halafu tukasaini makubaliano madogo ya hatua ya michoro peke yake, na kipengele kwamba tageti ikishindikana tunaagana kwa amani, tunamlipa ushauri wake na michoro inabaki yetu. Usiingie bila mlango huo wa kutokea, kontrakta akijua umeshafunga naye ndoa bei yake inapanda.

Hatua ya michoro nitakuwa mkweli, ndo niliyoipenda kuliko zote. Msanifu alichora besimenti ya kuegesha magari. Kontrakta akauliza swali moja tu, maji ya Mto Ng'ombe wakati wa masika yanafika wapi? Vipimo vya udongo viliporudi vikaonyesha maji yako karibu sana, na wanaojenga huko mjini wanajua kuchimba chini ya maji Dar ni pampu usiku na mchana, kuta za kuzuia udongo, na jirani anayelalamika ukuta wake unapasuka. Besimenti ikafa palepale, magari yakahamia nyuma chini ya jengo, wazee wakapoteza fremu kadhaa za maduka na walinuna kweli maana fremu ni kodi. Ila fikiria kama tungegundua hilo mashine ikiwa shimoni.

Na AC pia. Jamaa wa AC aliitwa mapema, jambo ambalo kwa kawaida halipo, akaonyesha dakti zake zinapita palepale penye bimu. Kwa njia ya zamani tungetoboa bimu au kushusha dari mpaka mtu mrefu aguse. Hapa wakakaa yeye, injinia wa miundo na msanifu, wakabadili kwenda kwenye mfumo wa mabomba membamba ya gesi, urefu wa kila ghorofa ukapungua kidogo, na ukipunguza urefu kwenye kila ghorofa umepunguza tofali, plasta, rangi na vioo vya mbele vyote kwa mpigo.

Lakini hapo kuna mtego na naomba msome vizuri. Meza moja haimaanishi majukumu mamoja. Kuna siku kontrakta alipendekeza slabu zipungue unene na nondo zipungue, hesabu yake iliokoa hela nzuri, wazee macho yakawaka. Injinia wa miundo akakataa. Ikawa mvutano, wazee wakawa wanamwona kama mtu asiyependa ushirikiano, mpaka akawaambia, muhuri wa kwenye michoro hii ni wangu, na mtaani Indira Gandhi Machi 2013 lilianguka jengo la ghorofa 16 likaua watu 36, sitapunguza kitu kwa kura. Chumba kilinyamaza. Tukaandika kuanzia siku ile kwamba mambo ya uimara wa jengo hayapigiwi kura, injinia aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi, akisema hapana imeisha. Na kila pendekezo la kontrakta likikubaliwa, iandikwe nani sasa anabeba dhamana ya hicho kipande, maana siku ya tatizo msanifu atasema lilikuwa wazo la kontrakta na kontrakta atasema alitoa ushauri tu. Waulizeni na watu wa bima mapema, wengine wakisikia dhamana zimechanganyika wanapandisha bei au wanakataa.

Vibali havina mkato, mjue. Manispaa, Zimamoto, OSHA wa usalama kazini, watu wa mazingira, ubao wa saiti wenye majina na namba za usajili, yote yaleyale. Faida pekee ni kwamba kontrakta akiwepo mapema anakuwa ameshajua michoro ikibadilika baada ya kibali unarudi foleni, kwa hiyo anasaidia kukataza mabadiliko.

Sasa tageti. Hapa ndo watu walipandishiana sauti. Hesabu yenyewe ni nyepesi, chukulia tageti ni bilioni 5, gharama halisi pamoja na fii ikatoka bilioni 4.8, imebaki milioni 200, kila upande milioni 100. Ikatoka bilioni 5.3, imezidi 300, kila upande anabeba 150, ila kwa kontrakta tuliweka kikomo kwamba hapotezi zaidi ya fii yake, akishafika hapo mwenye jengo anabeba kinachobaki. Wazee walikichukia hicho kikomo, ila bila hicho kontrakta mwenye akili anaongeza hofu yake ndani ya tageti na unailipia mapema.

Ugomvi haukuwa kwenye kugawana, ulikuwa kwenye neno gharama. Gharama ni nini? Mshahara wa foroman wa saiti ndiyo, wa mhasibu wa ofisi kuu hapana, uko ndani ya fii. Pampu ya zege ya kukodi ndiyo, ila kama pampu ni ya kampuni ya ndugu yake kontrakta anajikodisha kwa bei gani? Tukakubaliana bei ya soko, kwa kulinganisha na bei za wengine wawili. Kazi iliyokosewa ikabomolewa ni gharama ya nani? Ya kwanza inaingia kwenye kapu, uzembe unaojirudia hauingii. Kodi! Rasimu ya kwanza ilikuwa inasema tageti bila kusema ni pamoja na VAT au bila, na asilimia 18 ya mabilioni sio kitu cha kugundua katikati ya kazi, mhasibu ndo aliyeikamata wiki ya kusaini.

Halafu kuna cha juu. Kila mtu Dar anajua hadwea ukinunua nondo tani nyingi kuna bei ya risiti na kuna kitu kinarudi kwa mnunuzi pembeni. Vitabu wazi maana yake punguzo lolote, la wazi au la pembeni, ni la mradi. Kontrakta alikaa kimya dakika nzima tulipofika hapo. Alikubali, ila alitaka fii ipande kidogo, na mi nilimshauri mwenye jengo aipandishe, afadhali umlipe mtu faida yake mezani kuliko aitafute gizani.

Na risiti. Saruji, nondo, vigae, hizo risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zipo. Ila mchanga wa tipa, vibarua wa siku, mama ntilie anayelisha wa zege la usiku, hao risiti ya EFD hawana, na TRA haitambui matumizi yasiyo na risiti, sasa kontrakta analipa kweli lakini kwenye vitabu haonekani kalipa na kodi inamuumiza. Tulikaa na wahasibu wa pande zote tukatengeneza fomu ya malipo madogo, jina, namba ya simu, kazi, sahihi, na kikomo kwa wiki. Mchanga na kokoto tukahamia kwa msambazaji mwenye mashine, bei yake iko juu kidogo ya tipa la barabarani ila hesabu zikanyooka. Wekeni na mtu wa kukagua vitabu kila mwezi, msisubiri mwisho, mwisho makaratasi yameliwa na panya na foroman ameshahama.

Jambo moja lilibaki na uchungu. Ile besimenti iliyofutwa kwa swali la kontrakta iliokoa hela nyingi, lakini tageti ilikuwa haijafungwa, kwa hiyo hakupata mgao wowote. Alilalamika, na kwa kweli nilimwelewa, ingawa nilikuwa upande wa pili wa meza. Kwa mkataba alikuwa ameshalipwa hela ya ushauri. Kama unaanza leo, andika mapema kabisa wazo la kabla ya tageti linalipwaje, hata kama jibu ni halilipwi.

Saiti tulianza 2023, na mwaka ule ulitupima. Dola ikaadimika, lifti na vioo na mashine za AC vyote bei zake zinafuata dola, ikatoka 2,300 na ushee ikaelekea 2,500, halafu vuli ikaja na El Nino, mvua haikati, zege halimwagiki. Kwa njia ya kawaida hapo ndo barua zinaanza. Sisi tulikuwa na fungu la riski ndani ya tageti, limeandikwa riski moja moja na hela yake, dola ilikuwemo, mvua ya kawaida ilikuwemo. Tulichofanya ni kulipia lifti mapema kabla hazijapanda tena, wazee walitoa hela kabla ya wakati, kontrakta akatoa dhamana ya benki. Uamuzi ule ulifanyika kwenye kikao kimoja kwa sababu kila mtu alikuwa anaumia ikipanda. Kwa mkataba wa bei iliyofungwa kontrakta angesema lipeni tofauti, mwenye jengo angesema soma mkataba, na lifti ingebaki China.

Kilichotusumbua kuliko mvua ni swali la nini ni mabadiliko. Benki moja ikataka kupanga chini, inataka chumba cha kuhifadhia fedha na sakafu ya kubeba mzigo mzito. Hayo ni mabadiliko, mwenye jengo ametaka kitu kipya, tageti inapanda. Lakini kontrakta naye akaanza kuleta vitu, mara njia ya bomba haikuonyeshwa, mara vishikizo vya vioo havikuhesabiwa, kila kimoja anataka tageti ipande. Tageti ikipanda kila wiki haina maana, mnarudi kwenye varieshen kwa jina lingine. Kilichotuokoa ni orodha tuliyoiandika kabla, kwamba kitu chochote ambacho kontrakta mzoefu aliyekaa kwenye vikao vya michoro angetegemea kuwepo, kimeshaingia. Bado tuligombana, kuna vikao nilitoka nikakaa kwenye gari bila kuwasha. Ila ugomvi ulikuwa wa vitu vinne vitano, sio mamia.

Kikao cha kila wiki cha mafundi nacho nikitaje. Kuna utaratibu ulitoka Marekani ambapo mafundi wenyewe wanasema wiki ijayo watamaliza nini na nini kinawazuia, inabandikwa ukutani, wiki inayofuata mnaangalia ahadi zilizotimia. Kwetu mwanzo uligoma. Fundi umeme anaulizwa utamaliza ghorofa ya tatu? "Ndiyo bosi." Fundi bomba? "Hamna shida bosi." Ijumaa hamna kilichoisha. Hakuna fundi wa Dar atakayesimama mbele ya bosi wake aseme sitaweza, ni adabu tu, tumelelewa hivyo. Tukamwomba mkurugenzi wa kontrakta asihudhurie, kikao kikawa cha foroman na mafundi, kwenye benchi la chai, hapo ndo tukaanza kusikia "aisee mi siwezi, huyu wa plasta hajaniachia ukuta".

Na wenye jengo lipeni kwa wakati. Malipo yalichelewa mara moja, wabia wenyewe walikuwa wanasubiriana, na ndani ya wiki mbili vitabu vilianza kufika nusunusu na mafundi wazuri wakahamishiwa saiti nyingine. Tukafungua akaunti maalumu ya mradi ambayo inakuwa na hela ya mwezi unaofuata muda wote, sabu wanaona kabisa hela ipo.

Tulimaliza tukiwa tumezidi tageti kidogo. Kontrakta fii yake ilipungua, wazee nao walibeba sehemu yao, na ghorofa ile ya Kariakoo ilipoporomoka Novemba 2024 tukiwa kwenye kurekebisha kasoro za mwisho, wapangaji wakaanza kuuliza vipimo vya zege, tukawapa faili lote siku hiyohiyo kwa sababu lilikuwepo. Jengo halikutoka kwa bei rahisi. Ukijumlisha ada za ushauri, mwanasheria, mkaguzi wa vitabu, mwanzo unalipa zaidi ya kawaida, na benki itakuuliza maswali mengi kwa nini bei ya mwisho haijafungwa. Kwa mtu asiye na muda wa vikao, au wabia wasioweza kukubaliana wenyewe kwa wenyewe, sitamshauri.

Juzi yule mama wa vitenge kanipigia, anataka kujenga godauni Mbagala, akasema tufanye vilevile mezani. Nimemwambia hapana mama, godauni ni kuta nne na paa, chora vizuri, tangaza tenda, chukua mwenye bei nzuri na rekodi nzuri. Kanijibu atafikiria, ila kontrakta wa Kijitonyama amealikwa kwenye tenda.